Risala ya Wanawake wa Parishi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kutimiza Miaka 10 ya Kikundi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Kaunti Ndogo, wenyeviti wa LC, yaani mabaraza ya vijiji vyetu, mashehe na wachungaji, mama mkunga wetu, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha leo tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuipita barabara yetu, ambayo umejionea mwenyewe, hadi kutufikia huku mpakani mwa West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda. Karibu sana.

Kikundi chetu kilianza na wanawake 12 waliokuwa wakichanga shilingi 500 kila Jumapili chini ya mwembe huu huu. Leo tuko 64, tunakopeshana, tuna mbuzi, tuna shamba la mihogo na simsim (ufuta), na tumenunua viti pamoja na masufuria yaliyopika chakula cha leo, hata tumekuwa mfano wa kuigwa katika kaunti ndogo nzima na ng'ambo ya mpaka. Mafanikio ni mengi, na kwa kuheshimu muda wako hatutayataja yote.

Fahari yetu kubwa ni mfuko wa bodaboda. Mama akishikwa na uchungu, mweka hazina hutoa nauli saa yoyote, na vijana wawili wa pikipiki wameapa kutokataa safari hiyo. Wataalamu wa uzazi husema kwamba mama hupoteza maisha kwa kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kwenda kituoni, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akiwa ameshafika. Mbili za kwanza tunapambana nazo sisi wenyewe, pamoja na wahudumu wa afya wa vijiji, kwa fedha za mihogo. Ya tatu, Mheshimiwa, imetushinda, na ndiyo iliyotufanya tuandike risala hii.

Kituo chetu cha afya ni cha daraja la tatu, daraja ambalo kwa utaratibu wa Serikali linapaswa kuzalisha akina mama. Wodi tunayo na vitanda vipo, na kwa hayo tunashukuru. Kinachokosekana ni nyumba ya mkunga. Mkunga wetu, ambaye tunampenda na hatumlaumu hata kidogo, amepanga chumba kwenye senta ya biashara, kilomita 9 kutoka hapa, ng'ambo ya mto ambao mvua za Agosti zikikolea hauvukiki. Jioni hufunga wodi akaondoka, kwa kuwa hana pa kulala.

Agosti iliyopita mwanachama wetu mmoja alifika saa saba usiku akiwa na mfuko wake wa kujifungulia: glavu, wembe, pamba, uzi wa kitovu na karatasi ya plastiki. Alikuta kufuli. Alijifungulia barazani juu ya karatasi ile, mama mkwe akimmulikia kwa tochi ya simu. Mtoto yuko hapa mbele yako, amebebwa mgongoni. Mama alivuja damu hadi alfajiri na akanusurika kwa rehema za Mungu, maana damu ya namna hiyo huweza kumwua mtu ndani ya saa mbili, na dawa ya kuizuia ilikuwa kwenye friji, upande wa pili wa mlango.

Tunafahamu kwamba mwaka 2001 Serikali iliondoa malipo katika vituo vyake, na kwamba vifo vya uzazi nchini vimeshuka kutoka 336 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2016 hadi 189 katika ule wa mwaka 2022. Tunaipongeza kwa dhati. Lakini huduma hiyo ya bure haikumfikia mwenzetu usiku ule.

Mheshimiwa, ombi hili si jipya. Liliposomwa mara ya kwanza, mgeni rasmi wa siku hiyo alituambia tufyatue matofali, naye angeleta mabati na saruji. Tulifyatua matofali 8,000 na kuyachoma kwa kuni tulizobeba kichwani. Mgeni wa pili alituambia jambo liko katika bajeti ya mwaka uliofuata. Wa tatu aliweka jiwe la msingi, na jiwe lipo mpaka leo, peke yake. Wote watatu tuliwapigia makofi na kuwapa jogoo. Wewe hatukuhesabu pamoja nao. Tunayasema haya kwa sababu matofali hayasubiri. Yale ya nje, ambayo moto haukuyaivisha vizuri, ukiyashika yanabaki unga mkononi.

Barabara, maji na mengineyo tunayaacha kwa leo ili ombi libaki moja: nyumba ya vyumba viwili, yenye choo, tangi la maji na taa ya sola, hapo hapo kituoni. Kiwanja kipo, kimetolewa na mzee wetu kwa maandishi mbele ya LC. Mchanga, mawe, maji na nguvu kazi ni juu yetu. Tunaomba mabati, saruji, mbao na fundi, kabla ya Agosti ijayo.

Na tunaomba, kwa heshima zote, kwamba ahadi utakayotoa leo iandikwe katika kitabu chetu pamoja na mwezi wa kuitimiza, kisha utie sahihi, kama sisi wanachama tunavyotia sahihi tunapokopa. Kitabu kiko mezani mbele yako, na kalamu iko ndani yake.

Tunaomba kuwasilisha.