RISALA YA KIKUNDI CHA AFYA CHA USHARIKA KWA MGENI RASMI, JUMAPILI YA KUPIMA AFYA

Bwana Yesu asifiwe! Amina.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wetu wa Wilaya, Baba Mchungaji na Mama Mchungaji, wainjilisti wa mitaa yote, wazee wa kanisa, viongozi wa serikali ya kijiji, wanakwaya, kinamama, vijana, na watoto wetu wa shule ya Jumapili mliokaa pale mbele kwenye nyasi. Wakubwa wote shikamooni, na wengine habari za asubuhi.

Mheshimiwa tunakushukuru sana kwa kupanda huku mlimani, maana njia ya kutoka lami mpaka hapa mvua ikishanyesha tunaijua wenyewe, na wewe ungeweza kabisa kutuma mtu lakini umekuja mwenyewe na umekaa ibada nzima. Karibu sana, jisikie nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu hakikuanza na mfadhili wala mradi. Kilianza na msiba. Hapa usharikani tulikuwa na mzee wetu mmoja wa bendi ya matarumbeta, mtu aliyepuliza tarumbeta kila Pasaka alfajiri toka tukiwa watoto. Huyu mzee aliambiwa kliniki kwamba ana presha ya kupanda, akapewa vidonge, akavimeza vizuri tu. Halafu akaenda mkutano mmoja wa maombi huko nje ya hapa, akaombewa, akaambiwa ameshapona na dawa aache kwa imani. Akaacha. Na kweli alijisikia mzima, miezi ikapita, kila mtu anamwona yuko fresh, mpaka siku moja asubuhi anakata majani ya ng'ombe akaanguka pale pale kwenye migomba. Kiharusi. Vijana walimbeba na kitanda mpaka barabarani. Aliishi miaka miwili upande mmoja haufanyi kazi na tarumbeta imetundikwa ukutani anaiangalia, halafu tukamzika.

Sasa siku ile ya matanga watu wanazungumza, huyu anasema karogwa, yule anasema ni uzee, ndo mama yetu mmoja ambaye ni nesi mstaafu akasimama akauliza hapa nani anaijua presha yake ni ngapi? Uwanja mzima umejaa watu wazima, mikono iliyonyooshwa ilikuwa michache ya kuhesabika kwa vidole. Yule mama akasema basi Jumapili ijayo nakuja na mashine yangu kanisani. Hapo ndo tulipoanzia.

Na hapa Mheshimiwa tunaomba tuseme jambo tunaloliamini kabisa. Zahanati tunayo, na wahudumu wake tunawapenda, lakini mtu haendi zahanati kama haumwi, na presha haiumi. Sukari nayo mwanzoni haiumi. Kanisani mtu anakuja hata akiwa mzima, anakuja na mke wake na watoto wake na viatu vimepigwa rangi. Kwahiyo yule mtu ambaye hospitali itakuja kumwona mara ya kwanza akiwa kabebwa, sisi tunamwona kila Jumapili akiwa anatembea. Tukimpima pale tumewahi.

Wala hatujaleta kitu kigeni. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walipofika huku kwetu Kilimanjaro mwaka 1893 injili na dawa vilitembea pamoja, na Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, lilipoundwa mwaka 1963 lilirithi zahanati na hospitali kutoka kwa makanisa yaliyoungana. Hospitali ya KCMC pale Moshi iliyofunguliwa mwaka 1971 nayo imetoka kwenye mikono ya kanisa kupitia Shirika la Msamaria Mwema. Yule Msamaria hakumwombea tu yule mtu njiani, alimfunga majeraha, akampakia kwenye mnyama wake, akamlipia na kitanda. Sisi hatuna uwezo wa kujenga hospitali lakini meza na viti vinne tunavyo.

Tunavyofanya ni hivi. Ibada ikiisha watu wanatoka nje kwenye mnada wa mavuno, pale panapouzwa mayai, ndizi, maparachichi na majogoo, na kila mtu anabaki kwasababu mnada wetu una raha yake. Meza yetu tunaiweka chini ya mparachichi hatua chache kutoka kwenye mnada. Mwanzoni tulikosea sana Mheshimiwa, tulikuwa tunampima mtu katoka kupanda kilima na jua, anaongea, miguu inaning'inia, na mkono mwenyewe kauinua hewani, halafu tunashangaa mbona kanisa zima lina presha! Yule mama nesi akatufundisha upya. Mtu akae kwanza dakika 5 ametulia, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza, asiongee, na kile kitambaa cha kufunga mkononi kimtoshe, maana kikiwa kidogo kwa mtu mnene kinatoa namba ya juu ya uongo. Tukipata 140 kwa 90 au zaidi hatumwambii una presha, tunamwambia Jumapili ijayo rudi, na ikirudia hivyo tunampa karatasi aende zahanati. Ila ikifika 180 kwa 120 tunampumzisha tunapima tena, ikibaki pale pale huyo hatumwachii arudi nyumbani kupika, anaenda hospitali siku hiyo hiyo, na kama anaumwa kichwa sana, kifua, au mdomo umeenda upande basi mnada unasimama na gari linatafutwa.

Kwenye sukari tunauliza kwanza, umekunywa chai? Maana asiyekula kitu masaa 8 tunaanza kuwa na wasiwasi mashine ikisoma 7 (milimoli kwa lita), ila aliyekunywa chai na maandazi asubuhi namba ni nyingine, tunaangalia 11.1. Vyote tunaandika kwenye kauntabuku letu na linakaa kwa Mama Mchungaji kwenye kabati lenye kufuli, kwasababu ugonjwa wa mtu sio tangazo la kanisani. Hilo tulilikazania toka siku ya kwanza, na mmoja wetu aliyepitisha maneno alitolewa kwenye kikundi.

Lakini kupima ni kazi ndogo, kazi kubwa ni baada ya kupima. Hapa ndo jumuiya zinatusaidia mno. Kila jumuiya inakutana nyumba kwa nyumba kila wiki, kwahiyo tumeweka mtu mmoja kila jumuiya ambaye baada ya sala anauliza tu taratibu, bibi dawa zipo? zimebaki siku ngapi? Wazee wengi huku wako peke yao, watoto wako Dar na Arusha, na bibi dawa zikiisha hasemi kwasababu hataki kumsumbua mtoto. Mtu wa jumuiya anatuma meseji kwa mtoto na hela inatumwa siku hiyo. Na Desemba watoto wote wakipanda nyumbani kwa Krismasi tunawaomba wasije na soda na nyama tu, wakae na mzazi wahesabu vidonge naye, wampeleke kliniki akaonwe.

Kwenye chakula tumeongea mpaka tumechoka lakini hatuachi. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi kwa mtu mzima isizidi gramu 5 kwa siku, hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima. Watu wakasema sisi hatuweki chumvi nyingi. Sawa, lakini magadi je? Magadi nayo yana sodiamu ile ile ya kwenye chumvi, na kiburu chetu, zile ndizi zilizopikwa na maharage, bila magadi watu wanasema hakijaiva. Kinamama waliposikia hilo walinyamaza kabisa, maana hakuna aliyewahi kuwaambia. Sasa hivi wengine wanaloweka maharage usiku kucha, yanaiva mapema, na magadi wanaweka kidogo sana au wanaacha. Na kwenye misiba wazee wa kanisa wameshakubali mwenye kisukari asilazimishwe soda, maji ya kunywa yawepo mezani kama soda ilivyo. Kuhusu pombe hatufichi, mbege na zile za kwenye vichupa vya plastiki zimeumiza nyumba za humu humu ndani ya usharika, na tunaowatembelea tunawatembelea kama wagonjwa sio kama wenye dhambi wa kusemwa madhabahuni.

Mheshimiwa, kwenye hili la imani na dawa ndo tunampongeza Baba Mchungaji kwa moyo wote. Baada ya msiba ule alisema madhabahuni kwamba anaomba na wagonjwa kila siku na ataendelea kuomba, na hajawahi wala hatawahi kumwambia mtu aache vidonge, na yeye mwenyewe akakunja mkono wa kanzu akapimwa mbele yetu. Wanaume walianza kuja kwenye meza baada ya pale. Kabla ya hapo walikuwa wanasimama mbali na jogoo mkononi wanajifanya wanasikiliza mnada. Maneno ya mchungaji yana nguvu na hili sio letu tu, kule Mwanza watafiti waliwafundisha viongozi wa makanisa vijijini kuhusu tohara ya wanaume, wakalinganisha vijiji 16, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yakaonyesha vijiji ambavyo viongozi walifundishwa zaidi ya nusu ya wanaume walitahiriwa, na vile vingine hawakufika theluthi moja. Huduma ilikuwa ile ile pande zote mbili! Na hapa kwetu chanjo ya HPV ya kuwakinga mabinti na saratani ya mlango wa kizazi, mkoa wetu wa Kilimanjaro ndo ulianza majaribio mwaka 2014 kabla ya nchi nzima mwaka 2018, na maneno ya kwamba inafunga uzazi tuliyasikia na sisi. Waliotuliza wazazi humu ni walimu wa kipaimara, kwasababu mzazi aliyemwachia mtu mtoto wake miaka miwili amfundishe katekisimu anamwamini.

Tuna mengine tumeyagusa kidogo tu, hasa msongo wa mawazo kwa vijana na wajane. Hapo hatuna utaalamu, tunakaa na mtu, tunamsikiliza, tunamsindikiza hospitali. Tungependa tufundishwe.

Changamoto zetu Mheshimiwa hatutazirefusha. Stripu za kupimia sukari ni ghali na tunanunua kwa hela ya mnada, zikiisha tunafunga meza. Mashine ya presha tunayo ya yule mama na nyingine moja ambayo betri zake zinaisha kila mara. Na kubwa inayotuumiza, tunamtuma mtu na karatasi zahanati, anashuka na kupanda, anaambiwa dawa ya presha hakuna mpaka mwezi ujao, mtu huyo kumrudisha tena ni kazi kweli kweli.

Kwahiyo tunaomba mambo haya. Dawa za presha na kisukari zisikatike zahanati, hili tungekuwa na ombi moja tu lingekuwa hili. Utupatie mtaalamu wa ofisi yako aje mara moja kila miezi mitatu akague tunavyopima na kauntabuku letu, mashine zetu zihakikiwe, maana hatutaki kumtisha mtu bure wala kumpa mtu moyo wa uongo. Utusaidie kile kitambaa cha kupimia presha kilicho kikubwa, na stripu. Utuletee mtu wa kutueleza kwa Kiswahili cha kawaida hii Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, wazee wanatuuliza kila Jumapili na sisi tunabahatisha. Na mwisho, mafunzo ya hiyo afya ya akili tuliyosema.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, meza iko tayari pale chini ya mparachichi, mama yetu nesi ameshakaa na mashine, na tarumbeta ya yule mzee leo itapulizwa na mjukuu wake aliyejifunza mwaka huu. Tunakuomba ukitoka hapa uwe wa kwanza kukaa kwenye kiti, dakika 5 bila kuongea, na kinababa wote mlioshika majogoo mfuate nyuma yake.

Tunaomba kuwasilisha.

Risala imeandaliwa na kusomwa na Kikundi cha Afya cha Usharika.