Barua kwa Zuhura: sisimizi aliyefichika

Brasília, Jumapili jioni

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Mama hajambo? Barua yako nimeipata, na lile swali lako limenikaa moyoni wiki nzima: kwa nini nimevuka bahari kufuata sisimizi, na sisi Tabora tumekulia kwenye vichuguu?

Mchwa si sisimizi, shoga. Ukoo wao ni wa mende. Kulima wanalima kweli. Ule uyoga tuliokuwa tukiuchuma na bibi yako mvua zikianza ulitoka kwenye mashamba yao ya chini kwa chini. Lakini sisimizi wanaolima kuvu Afrika hawapo kabisa. Wako Amerika tu, aina 250 hivi, toka Argentina hadi Marekani. Hapa kila mkulima anamjua saúva, yule mkata majani, maana akiuvamia mchungwa usiku, asubuhi unakuta matawi matupu. Mimi simtafuti huyo. Ninayemtafuta ni Cyatta abscondita.

Hilo jina la pili ni Kilatini, maana yake aliyefichika, na kweli kajificha. Alitangazwa kwa wanasayansi mwaka 2013, na waliomweleza walikuwa na sisimizi wafanyakazi ishirini na kitu, malkia wawili, dume mmoja na mabuu wawili. Basi! Jenasi nzima, yaani kundi zima la kisayansi lenye jina la Cyatta, imesimama juu ya kiganja kimoja cha wadudu. Na vipimo vya DNA vinaonyesha ni wa tawi la kale, lililoachana na ukoo wa saúva zamani mno, ndiyo maana tunamtaka: huenda bado amebeba dalili za jinsi kilimo hiki kilivyoanza, mamilioni ya miaka kabla mtu hajashika jembe.

Makao yake ni Cerrado, savana ya Brazili. Ungeiona ungelia kwa kukumbuka nyumbani: miti mifupi iliyopindapinda, magome mazito ya kuhimili moto, nyasi, vumbi jekundu. Inafanana na miombo yetu, ila ukubwa wake ni kilomita za mraba milioni 2 hivi, zaidi ya Tanzania mara mbili. Katika eneo lote hilo, ramani ya sisimizi huyu ina nukta chache mno. Watu wanasema ni adimu. Mimi siamini kwamba ramani inatosha kusema hivyo. Nukta inawekwa pale mtu alipopiga magoti akachimba, na wengi wetu tunachimba karibu na barabara na vyuo.

Maana kuchimba kwenyewe, we! Juzi nilimwaga punje za unga wa muhogo chini, nikangoja. Akaja sisimizi wa aina nyingine, Mycocepurus, mdogo kuliko punje ya mchele, akabeba chembe moja. Nikamfuata kwa magoti na tochi mpaka kwenye tundu linalotosha ncha ya penseli. Tundu lenyewe huligusi. Unachimba shimo pembeni, hatua moja hivi, halafu unaparua ukuta kwa mwiko wa fundi, taratibu, kama unayemenya embe. Saa mbili baadaye ukuta ukafunguka: chumba cha kutosha yai, na kwenye dari, juu ya vijizizi, bustani ya kuvu imening'inia, nyeupe, laini kama pamba mbichi. Nilizuia pumzi isije ikaanguka.

Kinachoniuma ni soya. Karibu nusu ya Cerrado imeshakatwa kwa ajili ya mashamba na malisho ya ng'ombe. Shamba nililopita jana lilikuwa limelimwa kwa trekta hadi upeo wa macho, na pale hakuna atakayejua tena kama Cyatta alikuwepo.

Mvua zikianza huko, pita kichuguuni kwa bibi uniambie uyoga umeota kiasi gani. Mimi alfajiri narudi shimoni. Hapa imenyesha mara mbili, udongo umeanza kulainika.

Wako akupendaye,
Mwajuma