Nguo ya bei nafuu nayo inastahili kutengenezwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nijibu hoja ambayo mimi, nikiwa fundi cherehani, huisikia mara kwa mara kutoka kwa wateja na hata kwa baadhi ya mafundi wenzangu: kwamba nguo ya bei nafuu haina haja ya kutengenezwa, kwa kuwa ikiharibika mtu hununua nyingine. Naipinga hoja hii kwa sababu inapima faida ya matengenezo kwa bei iliyolipwa dukani, ilhali kinachopaswa kupimwa ni muda ambao kitambaa bado kinaweza kuvaliwa. Isitoshe, anayenunua nguo ya bei nafuu kwa kawaida ndiye asiyekuwa na fedha za kununua nyingine upesi, na kwa hiyo ndiye anayehitaji zaidi nguo inayodumu.

Nguo nyingi zinazoletwa kwa fundi zikiitwa mbovu hazijaharibika kitambaa. Kilichoharibika ni uzi. Suruali hufumuka msambani, shati hufumuka kwapani, upindo hushuka, kifungo hupotea, zipu hugoma kufunga, na kumbe kitambaa chenyewe, ukikiinua mbele ya mwanga, bado ni kizima kabisa. Sababu yake inaeleweka. Kiwanda kinachobana gharama huanza na yale ambayo mnunuzi hayaoni: hupunguza idadi ya mishono kwa kila sentimita, hutumia uzi dhaifu, huacha ukingo mwembamba mno wa kitambaa upande wa ndani, na hakirudishi cherehani nyuma mwishoni mwa mshono ili kuufunga. Wakati mwingine mshono uliotumika ni ule wa mnyororo, ambao una sifa nzuri ya kunyumbuka, lakini uzi wake ukikatika mahali pamoja na ncha yake ikavutwa, mstari mzima unaweza kufumuka. Takriban kasoro zote hizo hurekebishwa kwa cherehani ya kawaida na kwa muda mfupi. Ukingo mwembamba tu ndio unaomshinda fundi, kwa kuwa hana kitambaa cha kushika wala cha kupanulia.

Isidhaniwe kwamba suluhisho ni kununua nguo ya ghali. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds nchini Uingereza, wakishirikiana na WRAP, taasisi inayoshughulikia mazingira, walitangaza matokeo ya vipimo vya fulana za bei mbalimbali, na wakaonyesha kwamba bei si kigezo cha kuaminika cha udumifu. Jambo hilo halikunishangaza. Mnunuzi apaswa kuigeuza nguo ndani nje kabla ya kulipa, ashike kitambaa pande zote mbili za mshono na kuvuta polepole. Mshono ukiachana hadi nyuzi zikaonekana, ajue kwamba utafumuka mapema. Aangalie pia kama kona za mifuko zimekazwa kwa mishono ya ziada, kwa maana hapo ndipo mkono unapovuta kila siku. Hata ile suruali ya jinzi inayojulikana dunia nzima ilitokana na tatizo hilo: Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno nchini Marekani, alianza kukaza mifuko ya suruali za vibarua kwa misumari midogo ya shaba, na mwaka 1873 yeye na mfanyabiashara Levi Strauss wakapewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki ubunifu huo. Haikuhitajika zaidi ya kuimarisha sehemu chache zinazoelemewa.

Kuhusu utunzaji, nguo nyingi huharibiwa na ufuaji kuliko uvaaji. Joto kali hulegeza nyuzi za elastane zinazoipa suruali au fulana uwezo wa kunyumbuka, na dawa ya klorini ya kung'arishia huzidhoofisha zaidi. Sufu na hariri hazifai kabisa kuguswa na dawa hiyo, na hata pamba nyeupe hupungua nguvu ikilowekwa humo mara kwa mara. Jua kali hupausha rangi, kwa hiyo nguo za rangi zigeuzwe ndani nje na kuanikwa kivulini penye upepo. Zipu ifungwe kabla ya kufua ili meno yake yasikwangue nguo nyingine, na sweta ikaushwe ikiwa imelazwa, kwani uzito wa maji huirefusha ikitundikwa. Nguo iliyovaliwa kwa muda mfupi bila kupata jasho wala doa inaweza kupigwa upepo tu na kurudishwa kabatini. Sabuni nyingi kupita kiasi nayo haing'arishi zaidi. Isiposuuzwa vizuri hubaki katika kitambaa na kukifanya kigumu.

Lebo iliyoshonwa ndani ya nguo hueleza mengi ya hayo, lakini wengi huikata bila kuisoma kwa kuwa inawawasha shingoni. Alama zake ni chache: beseni ni kufua, na tarakimu iliyomo ni nyuzijoto za juu kabisa za maji, pembetatu ni dawa ya kung'arishia, mraba ni kukausha, duara ni ufuaji wa kitaalamu, na pasi ni pasi. Nukta moja ndani ya alama ya pasi ina maana ya joto la chini, mbili la wastani, na tatu la juu. Alama yoyote iliyokatwa kwa mistari miwili inayopishana ni katazo. Anayelazimika kuikata lebo aihifadhi.

Katika matengenezo, siri kubwa ni kuwahi. Uzi mmoja uliochomoza kwapani ni kazi ya sindano ya mkononi, lakini ukiachwa hadi kitambaa chenyewe kichanike itabidi kutia kiraka. Sehemu ya ndani ya mapaja, ambako suruali husuguana, iongezewe kipande upande wa ndani mara tu kitambaa kinapoanza kupitisha mwanga, na kipande hicho kifuliwe kwanza ili kisije kikasinyaa baada ya kushonwa na kuvuta nguo nzima. Pembe zake zikatwe kwa mviringo, kwani pembe kali huanza kunyanyuka mapema. Kifungo nacho kina namna yake: weka kijiti cha kiberiti juu yake, ushone uzi ukipita juu ya kijiti hicho, kisha ukitoe, uvute kifungo juu na kuuzungusha uzi mara kadhaa chini yake kabla ya kufunga fundo upande wa ndani. Nafasi hiyo ndogo hukipa kitambaa cha upande wa pili mahali pa kukaa, na uzi hausagiki upesi. Zipu inayoachana baada ya kufungwa mara nyingi ina meno mazima, na kilichochoka ni kile kitelezi tu, ambacho hubadilishwa bila kugusa sehemu nyingine za zipu.

Serikali nazo zina nafasi yake. Mwaka 2017 Uswidi ilipunguza kodi ya ongezeko la thamani kwa matengenezo ya nguo, viatu na baiskeli kutoka asilimia 25 hadi 12, ingawa baadaye viwango hivyo vilibadilishwa tena, na mwaka 2023 Ufaransa ilianzisha ruzuku inayompunguzia mteja gharama ya kutengeneza nguo na viatu. Hatua za namna hiyo ni muhimu kwa sababu nguo mpya huja na bei ya kiwanda kinachoshona maelfu, wakati fundi hushughulikia moja moja kwa mkono, na bila msaada ushindani huo hauwezi kuwa wa haki.

Kwa watengenezaji wa nguo za bei nafuu naomba mambo matatu ambayo gharama yake ni ndogo: waache ukingo wa walau sentimita moja ndani ya mishono inayoelemewa, waifunge mishono mwanzo na mwisho, na waweke kifungo cha akiba. Kwako Mhariri, ombi langu ni kwamba kurasa zinazotuonyesha mitindo mipya kila wiki zitenge pia safu ya kufundisha ufuaji na ushonaji wa mkono. Mafundi wa kuiandika wapo, nami niko tayari kuwa mmoja wao.

Wako mwaminifu,
Fundi cherehani