Mtaji unaliwa na haya

Ndugu Mhariri,

Wachuuzi wa Lubumbashi husifiwa kwa uvumilivu: kuamka alfajiri, kubeba mizigo, kushinda juani. Hayo wanayaweza sana. Sisi tunaofundisha hesabu za biashara ndogo tunaona kwenye madaftari yao kwamba kinachowaangusha ni aibu: wanaona haya kupandisha bei mbele ya mteja wa kila siku, kudai deni, kumnyima ndugu.

Chukua mfuko wa unga wa mahindi wa kilo 25. Tuseme umenunuliwa dola 20, na dola moja ni faranga 2,500: jumla 50,000. Meka, yaani kopo la kupimia, la kilo 2.5 ingetoka mara kumi, na kwa 5,500 kila meka, faida ingekuwa 5,000. Lakini nani hupima meka bapa? Mteja anangoja kilima juu ya mdomo wa kopo, kisha anasema, "Mama, na matabishi?", yaani nyongeza ya bure. Kiganja huyu, kiganja yule, mfuko unaishia meka ya tisa. Tisa mara 5,500 ni 49,500. Mama ameuza siku nzima, hata mkokoteni hajaulipa, na tayari amepoteza faranga 500.

Na bei ipangwe kwa mfuko unaofuata, si kwa ule uliokwisha. Mahindi mengi yetu hutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na ununuzi wake ni wa dola. Dola ikipanda hadi 2,800, mfuko ule ule ni 56,000. Ongeza usafiri, tuseme 2,000, halafu gawanya kwa meka zinazotoka kweli: tisa na nusu, ukijizuia kwenye matabishi. Meka moja inakugharimu faranga 6,100 hivi. Uza 6,500. Wateja watanung'unika, na siku ya kwanza ni nzito, kwa hiyo waambie jioni iliyotangulia ili asubuhi wasishtuke. Wachuuzi wengine, kwa kuogopa manung'uniko hayo, hugonga kitako cha kopo kiingie ndani. Huo ni wizi, na mpishi anaugundua siku hiyo hiyo, bukari (ugali) ikipungua kwenye sufuria ile ile.

Deni lina hesabu kali zaidi. Kwa bei hizo, faida ya meka moja haifiki 400. Meka moja isiyolipwa inakulazimu uuze nyingine 15 na zaidi kwa taslimu, ndipo urudi ulipokuwa. Andika jina, kiasi na siku ya kulipa, mdaiwa mwenyewe akiwa anatazama; kisha siku hiyo nenda, usingoje akupitie. Aliye na deni la zamani asipewe jipya, hata kama ni jirani wa meza. Daftari lenyewe si hiari: sheria ya biashara ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, inayotumika Kongo yetu tangu 2012, inamtaka hata mjasiriamali mdogo aandike kila siku mapato na matumizi yake.

Kwa ndugu, tiba ni kujilipa. Jipangie posho ya wiki kutoka kwenye faida, hata iwe ndogo. Shemeji akija na shida, asaidiwe kwa posho hiyo. Unga wa nyumbani nao ununuliwe kwa posho hiyo hiyo, meka kwa meka. Posho ikiisha Jumatano, jibu ni "sina" hadi Jumamosi, na ni kweli huna, kwa sababu fedha iliyobaki kwenye kibegi ni ya mfuko wa kesho. Hesabu kibegi kila jioni kabla ya kuondoka sokoni, maana ukifika nyumbani mikono inakuwa mingi.

Tunawaomba mchapishe kila wiki thamani ya dola mjini pamoja na bei ya jumla ya mfuko wa kilo 25. Mchuuzi ataubandika ukurasa huo mezani pake, na mteja akiuliza kwa nini bei imepanda, asome mwenyewe.

Wasomaji wenu,
wakufunzi wa hesabu za biashara ndogo, Lubumbashi