Barua kwa waume wanaobaki barazani wake zao wakienda kliniki

Wanangu wa Lamu, wa Langoni, Mkomani na visiwani,

Assalaam alaykum. Wengi wenu niliwapokea kwa mikono hii nilipokuwa mkunga, basi sitawaonea haya.

Juzi nilikwenda kumpa pole binti aliyezaa mtoto mfu, mimba ya miezi minane. Vijinguo vilikuwa bado kwenye kapu la ukili, vimekunjwa, vinanukia udi. Kliniki walikuwa wamemkuta na kaswende mapema, wakamdunga penisilini, wakamwambia amlete mumewe. Mume akasema hana kidonda wala maumivu, mgonjwa ni mke. Akarudi kulala naye, akamwambukiza upya.

Sikilizeni. Kidonda cha kaswende hakiumi, tena hupona chenyewe, na ugonjwa ukabaki mwilini miaka. Kwa mjamzito hupita kwenye kondo la nyuma ukamfikia mtoto. Mimba hutoka, au mtoto hufia tumboni, au huzaliwa na maradhi ya mifupa na ini. Na dawa ni ileile penisilini ya zamani! Mama akitibiwa mapema, mtoto husalimika mara nyingi, mradi mume naye atibiwe, na wasikutane mpaka wahudumu wawaruhusu. Mtu anapanda mlingoti kusi ikivuma, halafu anakimbia sindano ya tako?

Na sisi wazee tuna makosa. Posa ikija tunauliza mahari na ukoo, vipimo hatuulizi. Mtoto akifa tunasema jicho, tunasema shetani, na yule binti anabebeshwa lawama peke yake. Inaniuma sana.

Mengine: mkeo mjamzito alale ndani ya chandarua, na kuanzia mwezi wa nne wa mimba ameze vidonge vya SP vya kukinga malaria atakavyopewa kliniki. Apimwe virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Mtoto anaweza kukingwa. Chanjo ya rubela, maradhi ya vipele yanayoweza kumdhuru mtoto tumboni, hudungwa kabla ya mimba, si ndani yake. Paka wetu msiwafukuze, ila mavi yao yana vijidudu vya toksoplasma vinavyoweza kumdhuru mtoto: zoa wewe, kila siku, kabla havijakomaa. Nyama iive.

Msingoje tumbo la miezi saba. Kesho asubuhi mfuate mkeo. Ukikuta benchi limejaa wanawake, wasalimu, ukae, ukunje mkono wa kanzu utolewe damu.