Mbayuwayu wa mwisho Dunga aandikwe tarehe

Mhariri,

Kila Aprili watu wa Ulaya hukaa macho wakimngoja mbayuwayu wa kwanza wa majira ya kuchipua. Hapa Kisumu, Aprili ni mvua ya masika na matope, na ndege huyo huyo ndiyo kwanza anaondoka. Tarehe aliyoonekana mwisho kwetu ni muhimu sawa na ile aliyoonekana kwanza kwao, lakini wanaoiandika ni wachache. Picha za kinamasi cha Dunga, ukingoni mwa Ziwa Victoria, zinazosambaa kwenye simu ni za ndege adimu tu, na kadhaa zimebandikwa jina la ndege mwingine.

Anayeongoza kwa kukosewa ni tiva wa mafunjo. Utosi wake ni wa manjano, kifua chekundu, na bawa jeusi lina mstari mweupe. Binamu yake, tiva mwenye kichwa cheusi, ana kifua chekundu pia, lakini kichwa ni cheusi tititi na bawa halina weupe wowote. Huyu wa pili yuko kwenye nyua za Milimani na vichakani kote mjini. Wa kwanza hatoki ndani ya mafunjo. Ukipigiwa simu kwamba tiva wa mafunjo yuko kwenye mwembe wa mtu, uliza kwanza rangi ya utosi.

Mbayuwayu nao wanachanganywa. Yule wa Ulaya ana mkanda mweusi kamili kati ya koo jekundu na tumbo jeupe. Tunaye pia mkaazi wa hapa, anayejenga chini ya madaraja na mapaa: wekundu wake hushuka hadi kifuani, mkanda umekatika, na tumbo lina rangi ya majivu. Ukimwona mbayuwayu Juni ukadhani yule mgeni amegoma kusafiri, tazama tumbo.

Orodha ya ndege yenye maana haihitaji ufundi mkubwa. Kenya Bird Map, mradi wa ramani ya ndege wa Kenya unaogawa nchi katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9, hutaka angalau saa 2 za kutazama na kila aina iandikwe kwa mpangilio ulivyoiona. Kila aina, Mhariri! Mtu akiruka kwarara na yangeyange kwa kuwa wako kila siku, anayesoma orodha ataelewa kwamba hawakuwapo. Pita njia ile ile, saa ile ile, kila wiki kuanzia Machi hadi Mei. Kama kumbikumbi wametoka baada ya mvua, iandike hiyo kando, maana mbayuwayu na walanyuki hukusanyika hapo kutoka mbali na hesabu ya asubuhi hiyo itavimba.

Msianze kabla ya saa moja kasoro robo. Sababu ni kiboko, ambaye hurudi majini alfajiri kutoka malishoni. Njia yake huwezi kuikosa: mifereji miwili sambamba yenye tuta la nyasi katikati, kwa kuwa miguu ya kushoto na ya kulia imeachana. Ukiikuta, usisimame juu yake wala kati yake na maji, hata kama ndege uliyemfuata ameshatua hapo.

Neno moja kwa wanaovuna mafunjo, au togo kama tunavyoyaita hapa, kwa mikeka na viti. Hakuna anayewaomba waache kazi. Tunachoomba ni kwamba masika wakate kwa mafungu, si ukanda mzima wa ukingo kwa mpigo, na waangalie viota vya mnana kabla ya kushusha panga. Kiota cha kijani kibichi ni cha dume anayejenga bado. Majike wasipokipenda kitakauka na mwenyewe atakifumua. Kikiwa cha kahawia na jike anaingia na wadudu mdomoni, kina makinda. Shina hilo na yanayolizunguka yaachwe mpaka wapate kuruka.

Na asiye na hakika aandike tu "mbayuwayu, aina haikutambulika". Orodha haiharibiki kwa hilo.

Mtazamaji ndege,
Kisumu