Safari ya kikazi nayo ni kazi, ihesabiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo wafanyakazi wengi tunalinung'unikia pembeni na kulinyamazia mbele ya wakubwa. Nazungumzia saa tunazokuwa barabarani kwa amri ya mwajiri, ambazo hazihesabiwi popote.

Mimi ni fundi wa mizani. Nakwenda viwandani na kwenye maghala kuhakiki mizani kubwa na kurekebisha zile zinazodanganya. Katika kampuni niliyopo sasa nina miezi minne. Siku ya usaili niliambiwa kazi ni saa 8 kwa siku, siku tano kwa wiki, pamoja na "kusafiri kidogo". Nilikuwa nimekaa muda mrefu bila ajira, nikatia saini siku hiyo hiyo. Hicho kidogo ni kiasi gani, sikuuliza.

Siku zangu nyingi zinakwenda hivi. Saa 10 alfajiri niko stoo ya kampuni napakia mawe ya mizani garini. Ni ya chuma, kilo 20 kila moja, na tukiwa na mizani ya magari tunabeba 25. Jiwe halibebwi kiholela. Unalishika ukiwa na glavu, unalifuta, unalilaza kwenye nafasi yake sandukuni, kwa sababu kutu au mchanga ukiganda chini yake, uzito si ule tena na vipimo vya siku nzima vinaharibika. Sisi wawili inatuchukua nusu saa. Tunaondoka, na saa 2 asubuhi tuko kwa mteja. Tunafanya kazi hadi saa 9 alasiri, tunageuza gari, tunarudi stoo, tunashusha mawe yote 25 na kuyapanga. Nikifunga mlango ni saa 1 usiku. Hizo ni saa 15.

Kwenye fomu ya mahudhurio natakiwa kuandika 7. Msimamizi wangu alinielekeza tangu wiki ya kwanza: andika saa uliyofika kwa mteja na saa uliyoondoka kwa mteja, basi. Kupakia, kuendesha, kurudi na kushusha hakuna kisanduku chake.

Wiki ya sita nilianza kuandika kwenye daftari langu mwenyewe. Jumatatu saa 15, Jumanne 9, Jumatano 13, Alhamisi 14, Ijumaa 10. Jumla saa 61. Fomu ya kampuni kwa wiki ile ile ilionyesha saa 36. Ijumaa jioni msimamizi akaniita, akaniwekea kidole kwenye ile 36, akasema, "Umepungukiwa saa 4, kesho uje uzifidie." Nilikwenda. Asubuhi nzima ya Jumamosi nilikuwa stoo nafuta mawe ambayo nilikuwa nimeyabeba wiki nzima bure. Mhariri, siku hiyo nililia, na mimi si mtu wa kulia kazini.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda kwa afisa utumishi na daftari langu. Alinisikiliza kwa adabu, nikiri hilo. Jibu lake likawa: "Lakini kusafiri ni sehemu ya kazi yako, na ulikubali." Nimelitafakari jibu hilo kuliko jambo jingine lolote. Kama kusafiri ni sehemu ya kazi, kwa nini kusiwe sehemu ya saa za kazi?

Sidai nilipwe kwa kutoka nyumbani kwangu kwenda stoo asubuhi. Hiyo ni njia yangu, nilichagua mwenyewe pa kuishi. Lakini nikishafika stoo, nikapakia mali ya kampuni kwenye gari la kampuni, kuelekea mahali nilikopangiwa na kampuni, muda huo si wangu tena. Siwezi kupitia kwa mama yangu kumjulia hali. Siwezi kuzima simu. Mara ngapi tumekuwa njiani tunarudi, msimamizi akapiga akasema geuzeni, kuna mteja mwingine mizani yake imegoma? Tunageuza.

Shirika la Kazi Duniani lilishalisema hili zamani sana. Mkataba wake Namba 1, wa mwaka 1919, uliweka ukomo wa saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Mkataba Namba 30, wa mwaka 1930, unaohusu biashara na maofisi, ukaeleza saa za kazi ni zipi: ni ule muda ambao mwajiriwa yuko chini ya matakwa ya mwajiri. Mwaka 2015 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa hukumu katika shauri la mafundi wa Hispania ambao kampuni yao ilifunga ofisi za mikoani, wakawa wanatoka nyumbani moja kwa moja hadi kwa wateja. Ikaamua kwamba kwa wafanyakazi wasio na kituo maalumu, safari ya kwenda kwa mteja wa kwanza na ya kurudi kutoka kwa mteja wa mwisho ni muda wa kazi. Suala la kiwango cha malipo liliachiwa sheria za nchi, lakini kwamba ni kazi, hilo lilikwisha. Na mimi sitoki nyumbani, natoka stoo.

Wapo watakaosema mteja halipii barabara. Mimi ndiye ninayempelekea mteja ankara aisaini, na juu yake kuna mstari umeandikwa "usafiri", unahesabiwa kwa kilomita. Mafuta yamewekewa bei, matairi yamewekewa bei. Aliyeshika usukani hana mstari wake.

Kinachonitisha zaidi ya pesa ni uchovu. Mwezi uliopita tulikuwa tunarudi usiku, anaendesha mwenzangu, kaka mmoja aliyenizidi umri kwa miaka mingi na aliyenifundisha nusu ya ninayoyajua kuhusu kazi hii. Nilikuwa nimeinamisha kichwa nikasikia sauti ya kokoto chini ya gari. Tulikuwa tumetoka nje ya lami. Nilipomgeukia, macho yake yalikuwa wazi lakini hayaoni. Nikapiga kelele, akavuta usukani, mawe yakagongana huko nyuma kishindo kimoja, nusu tani ya chuma. Tukasimama. Hakusema neno kwa muda, mikono ikimtetemeka, kisha akaniambia, "Mdogo wangu, usimwambie mke wangu." Ana miaka 11 katika kampuni hiyo. Kwenye fomu, wakati huo tulikuwa tumeshamaliza kazi saa tatu nyuma.

Na hata asiyepata ajali haponi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio kwamba mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo uliotokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Nilipoisoma namba hiyo ya 55 nilifungua daftari langu. Kati ya wiki kumi nilizoandika, saba zimeivuka.

Kwa mnaoanza kazi mpya ya kuzunguka kwa wateja, nawasihi mfanye nilichoshindwa kufanya. Kabla ya saini, ulizeni saa ya kazi inaanza kuhesabiwa wapi, na inaishia wapi, na jibu liwe kwenye karatasi. Kama mmeshaanza, andikeni kila siku, siku hiyo hiyo, saa ya kutoka na ya kurudi. Kumbukumbu ya kichwani haina nguvu mbele ya fomu. Mimi nimeshapeleka barua rasmi yenye nakala za kurasa zote za daftari, na mwenzangu naye ametia saini. Tulikubaliana tuandike pamoja, maana mmoja akilalamika huambiwa ni mvivu. Wiki ya pili hii hatujajibiwa.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni moja. Wataalamu wa sheria za kazi huandika katika gazeti lako kuhusu mafao na kuachishwa kazi. Waombe waandike pia kuhusu hili, kwa lugha ambayo fundi anaweza kuikata na kuibandika stoo: mwajiri akikutuma mbali, saa za kwenda na kurudi ni za nani?

Wako,
Fundi wa mizani
(Jina na anwani vimehifadhiwa)